Kifungo cha Nje: Je, Ni Adhabu ya Kutosha?



Wako askari wanaonung'unika kwamba mhalifu waliyemkamata kwa jasho huonekana wiki ya pili akitembea sokoni, kwa kuwa mahakama imempa kifungo cha nje. Nung'uniko hilo si dogo. Askari akikata tamaa na mahakama, na aliyeibiwa akikata tamaa na askari, kinachofuata ni marungu na moto mikononi mwa umati. Basi yafaa tuitazame historia ya jirani zetu wa Kenya.

Serikali ya kikoloni huko iliwatia gerezani watu wengi ambao kosa lao lilikuwa kushindwa kulipa kodi au kutembea bila kipande. Mwaka 1925 iliweka sheria ya kambi za kizuizi, ili wenye makosa madogo wasichanganywe na majambazi. Kambi hizo nazo zikapokea maelfu ya watu. Hatimaye, mwaka 1943, ilitungwa sheria ya kifungo cha nje, na utekelezaji wake ukaanza mwaka 1946. Uingereza yenyewe ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1907.

Sheria hiyo haikumsamehe mhalifu. Mahakama humweka chini ya uangalizi wa ofisa kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Kwanza huelezwa masharti, naye huyakubali kwa kinywa chake. Akiyavunja, huitwa tena na kuadhibiwa kwa kosa lile lile la awali. Upanga haukutupwa, umerudishwa alani.

Hata hivyo, uangalizi peke yake haukukilipa chochote kijiji kilichodhurika. Zimbabwe ilitafuta dawa ya upungufu huo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kumtaka mhalifu wa kosa dogo afanye kazi za umma bila ujira. Novemba 1997 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Kadoma, nchini humo, kuujadili mpango huo. Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, na sisi Tanzania mwaka 2002.

Je, kifungo cha nje chatosha? Kwa mnyang'anyi mwenye silaha, hakitoshi, wala hakikukusudiwa kwake. Kwa kijana aliyeiba mara ya kwanza, chatosha, bali kwa sharti moja: aangaliwe kweli. Ofisa wa uangalizi hana bunduki wala doria. Askari ndiye amwonaye kijana huyo usiku, yuko na nani na anafanya nini, na taarifa yake ndiyo imrudishayo mahakamani anayevunja ahadi.

Kifungo cha nje kisicho na mwangalizi si adhabu. Ni msamaha uliotolewa kimya kimya, na gharama yake hulipwa na mtu atakayeibiwa kesho.