Uzi wa Houston katika nyasi za Buha

Novemba 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alichoshwa na hongo za watawala wa Buha, nchi ya Waha iliyo leo mkoani Kigoma. Alipoambiwa kuwa mbele bado wako wengine wa kulipwa, aliiacha njia kuu, akautorosha msafara wake usiku kupitia vichakani. Aliyewahi kufika Kasulu au Kibondo msimu wa mvua hatashangaa kwamba alifanikiwa. Huku ni juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na nyasi zilizonyeshewa tangu Oktoba humzidi mtu mzima kimo.

Nyasi hizo zimefyekwa kwa zana za kila namna. Wafua chuma wa Buha waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe, mashoka na miundu, na majembe yao yakauzwa mpaka kwa majirani. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, majembe ya viwandani ya Ulaya yalipata njia rahisi, na kazi ya tanuri za kienyeji ikazidi kupungua. Miaka ya 1930 ukaja ugonjwa wa malale. Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja, vichaka vikafyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Yote hayo yalifanywa kwa mikono.

Lakini mikono ya Waha ilifyeka pia ugenini. Mkoa wa Kigoma uligeuzwa ghala la vibarua. Kuanzia mwaka 1944 shirika la wenye mashamba ya mkonge, SILABU, liliandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Hao vibarua wa mkataba ndio manamba. Mgeni shambani alianza mara nyingi na kufyeka magugu kati ya mistari ya mkonge kabla hajakabidhiwa kisu cha kukatia majani yake, na siku zake zilihesabiwa kwenye kipande mpaka zitimie 30 za kazi. Wengi walirudi na baiskeli na mablanketi. Wengine hawakurudi, na leo wajukuu wao ni watu wa Korogwe na Muheza.

Baada ya uhuru kwanja, chuma kirefu cha kufyekea nyasi kwa mkono, liliingia shuleni, likawa zana ya usafi na pia ya adhabu. Sidhani kama kuna Mtanzania aliyesoma shule ya serikali asiyejua malengelenge yake.

Mashine ya kufyekea iliyokuja kulipokonya kwanja kazi yake ilizaliwa mbali, na kwa sababu ya nyasi laini kabisa. George Ballas, Mmarekani mwenye asili ya Ugiriki aliyekuwa na shule kubwa ya kucheza dansi mjini Houston, Texas, alikuwa kwenye mashine ya kuoshea magari mwaka 1971. Alitazama brashi za nailoni zikizunguka: zinanyooka kwa kasi, zinapita kila kona, na rangi ya gari haichubuki. Nyumbani alichukua kopo, akalitoboa, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki na kulifunga kwenye mashine ya kuzungusha. Nyasi zilizoyazunguka mashina ya miti yake zikakatika bila gome kuumia. Watengenezaji aliowaendea walimkatalia, akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Weed Eater, na mwaka 1977 akaiuza kwa Emerson Electric. Alifariki mwaka 2011.

Ubunifu wake ni wa akili, ila tuuone ulivyo. Uzi wa nailoni hauna makali. Unakata kwa kasi ya ncha yake tu, kwa hiyo unataka jani laini lenye maji. Ukikutana na mabingobingo yaliyokomaa, au shina la kichaka lililokwisha kuwa mti, uzi unachanika, unafupika, na mara nyingine joto linaunganisha nyuzi ndani ya kikopo mpaka zigandamane. Mwenye mashine anafungua na kusokota upya huku petroli na mchana vinakwisha. Kwa uwanja wa kanisa au bustani ya ofisi, uzi unatosha. Kwa shamba la kahawa lililotelekezwa msimu mzima, ni kupoteza fedha.

Ndipo kinapohitajika kichwa cha kubadilisha, yaani kifaa cha kukatia kinachofungwa kwenye ncha ya mashine badala ya uzi. Misitu ya Ulaya na mashamba ya Japani yalikuwa tayari na mashine za kubeba zenye sahani ya chuma kabla ya kopo la Ballas, na sahani hizo ndizo zinazoifaa Buha. Sahani ya meno matatu ni ya nyasi ngumu na magugu yenye shina; yenye meno mengi kama msumeno ni ya miti midogo. Kipimo kinachopatikana kwa wingi ni kipenyo cha milimita 255 chenye tundu la milimita 25.4, lakini pima yako kabla ya kulipa. Nati yake katika mashine nyingi hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha nati za kawaida. Asiyejua hilo huivunja kwa nguvu zake mwenyewe.

Kuna pia kichwa cha minyororo, kinachosifiwa kwamba hakishindwi na kitu. Hiki sikipendekezi kwa yeyote. Uingereza mtu mmoja aliuawa na pingili iliyochomoka kwenye kichwa cha aina hiyo, na Januari 2012 Tume ya Ulaya ikaagiza nchi wanachama zizuie uuzaji wa vichwa vyenye vipande vya chuma vilivyounganishwa. Pingili ikitoka kwa kasi ile, kinga ya plastiki ya mashine haiizuii.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukinunua kichwa kipya, chukua sahani ya kipande kimoja. Vaa miwani na viatu vigumu, usiing'oe kinga kwa kisingizio kwamba inachelewesha kazi, na watoto wanaopenda kutazama wakae mita 15 kutoka hapo. Muuzaji akikushawishi uchukue cha minyororo kwa bei ya chini, mrudishie.