Shahidi Chini ya Boneti

Dalali alitutajia kilomita 86,000 kabla hatujauliza. Tulikuwa Tabata, mbele ya gari dogo la petroli lenye mlango wa nyuma wa kuinua juu, lililoundwa Japani mwaka 2004. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Miaka 31 ya uuguzi ilikuwa imemletea kiinua mgongo, na gari la teksi ndiyo ilikuwa mipango yake yote ya uzeeni.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Injini sizijui. Ninayemjua ni Marc Bloch, mwanahistoria Mfaransa aliyepigwa risasi na Wajerumani mwaka 1944, akaacha kitabu kisichokamilika kuhusu kazi yetu. Humo anatofautisha ushahidi uliokusudiwa na usiokusudiwa. Mfalme akichonga sifa zake kwenye jiwe, anataka tumsome. Jalala la jikoni kwake halimwambii mtu kitu, na kwa sababu hiyo ni gumu kudanganya.

Namba za dashibodi ni jiwe la mfalme.

Fundi wetu hakuzitazama. Aliweka kiganja juu ya boneti. "Mwanangu, ina joto. Wameshaiwasha." Injini ikipata moto huwaka kirahisi na kuficha milio yake. Tukakaa kivulini kwa muda mrefu, hadi ikapoa.

Kijiti cha kupimia oili kilitoka na oili mpya, rangi ya asali. Kisha akafungua kifuniko cha oili. Upande wa ndani ulikuwa na utando mweusi, mzito kama lami. "Oili wamebadilisha juzi," akasema, "kifuniko wamekisahau." Alipopiga stata, moshi wa bluu ukatoka kwenye bomba. Ulipungua, ukarudi kila alipokanyaga mafuta. Oili ilikuwa ikiungua pamoja na petroli.

Nikaomba karatasi za gari. Huko Japani ukaguzi wa magari unasimama juu ya sheria ya mwaka 1951, na cheti cha kusafirisha gari nje huandikwa kilomita zake. Nakala ilikuwepo, imekunjwa ndani ya bahasha: mwaka 2013, kilomita 124,000. Gari lilikuwa limezeeka kwa miaka na kupungua safari.

Dalali akakohoa. Mwenye gari, kijana wa rika langu, akachukua ile karatasi akaisoma mara mbili. Alisema naye alilinunua bila kuifungua bahasha. Nilimwamini, uso wake haukuwa umejiandaa.

Kwenye daladala Mama alikaa kimya. Tangu nianze masomo alikuwa akiniuliza historia itanilisha nini.

"Huko chuoni ndiyo wanawafundisha hayo?"

"Ndiyo, Mama."

Tulipofika Buguruni akafungua mkoba, akatoa nauli ya wote wawili. "Jumamosi tutatafuta jingine," akasema. "Mwambie fundi tutakuja mapema, kabla hawajaliwasha."