Pembea, Reli na Waya wa Mkumbara

Siku ya Idi mjini Tanga, mtoto akishavaa nguo mpya na kupewa mkono wa Idi, nyumbani hakukaliki tena. Anaitafuta pembea. Anakaa, anang'ang'ania chuma kwa mikono miwili, vijana wanasukuma, na roho inampanda kooni. Hela ikiisha anarudi mbio kwa shangazi kuomba nyingine.

Hamu hiyo ya kupandishwa na kuendeshwa ni kongwe pwani hii. Mwaka 1879 Sultani Barghash alijitandikia reli nyembamba Unguja, kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani. Mabehewa mawili yalivutwa kwanza na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa cha garimoshi kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli ikang'olewa.

Tanga ilipata reli kwa ajili ya mizigo. Ujenzi ulianza mwaka 1893, mwaka uleule ambao George Ferris aliwainua watu wa Chicago kwa gurudumu lake la pembea lenye kimo cha meta 80 hivi. Wajerumani waliotawala wakati huo walitaka mazao ya mashamba ya milima ya Usambara yashuke bandarini, basi. Garimoshi lilifika Muheza mwaka 1896, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911.

Lakini ajabu kubwa kuliko zote ilikuwa Mkumbara, mbele kidogo ya Mombo. Huko, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilijenga njia ya waya yenye urefu wa kilomita 9 hivi ili kuteremsha mbao za mtarakwa kutoka misitu ya Shume. Waya mmoja ulibeba, mwingine ukavuta. Mzigo uliachana na ukingo wa mlima, ukaning'inia juu ya makorongo, ukashuka zaidi ya meta 1,400 mpaka relini. Leo watalii katika milima ya Ulaya hulipa fedha nyingi kupanda vigari vinavyokwenda kwa ufundi wa namna hiyo; Usambara, abiria wake walikuwa mbao.

Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi kwenye reli ya Tanga na Moshi, baada ya miaka zaidi ya 20, ikitoka Dar es Salaam hadi Moshi. Tanga mjini, ilikoanzia reli yenyewe, haikuingia. Aliyetaka kuipanda kutoka huko alishika basi kwanza mpaka Korogwe.