Kuanzisha biashara ya kutunza ngozi Busia ukiwa peke yako

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Ukivuka mpaka unabadilisha pesa, laini ya simu na sheria, lakini mteja ni yule yule: mama wa sokoni mwenye magaga, kijana mwenye chunusi, bi harusi wa Jumamosi, dereva wa lori aliyechoka kusubiri. Hata neno boda boda, watu wanasema, lilizaliwa hapa, kwa baiskeli zilizobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Mji wa namna hii unamfaa mtu mmoja mwenye beseni, kiti na mikono safi. Tatizo ni kwamba pesa ya haraka katika kazi hii iko kwenye krimu za kujichubua, na hizo ndizo zinazoweza kukufungia biashara. Tutazifikia.

Je, mkimbizi anaruhusiwa?

Upande wa Uganda, ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Unahitaji kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, kisha leseni ya biashara kutoka manispaa unakofanyia kazi, iwe Busia au Tororo. Kumbuka kwamba msaada wa chakula hutolewa kwenye makazi ya wakimbizi. Anayehamia mjini hujitegemea, kwa hiyo usihame kabla hujawa na akiba ya kodi ya nyumba na chakula cha miezi kadhaa.

Upande wa Kenya kuna hatua zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi kuajiriwa au kufanya biashara, na kibali cha kazi cha wakimbizi, daraja M, hakilipiwi ada. Lakini wakimbizi bado wanatakiwa kuishi katika maeneo yaliyotengwa, na kutoka Kakuma au Dadaab kunahitaji kibali cha kusafiri. Kabla hujalipa kodi ya chumba Busia, zungumza na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, DRS. Baada ya hapo ndipo unaomba leseni ya biashara ya Kaunti ya Busia. Mwenyeji anaanza moja kwa moja na leseni hiyo.

Je, naweza kununua vifaa ng'ambo?

Hapa watu wengi hukosea. Raia wa Kenya na Uganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha mkimbizi si hati ya kusafiria. Kama huna hati ya kusafiria ya mkimbizi, nunua upande uliko, au shirikiana na mwenyeji unayemwamini akuletee kwa njia halali. Kituo cha pamoja cha mpaka, kilichozinduliwa Februari 2018, kinahudumia pia wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina utaratibu rahisi wa forodha, mradi ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza maafisa wa kituo kabla mzigo haujafika. Njia za panya zinaonekana fupi, lakini mkimbizi anayekamatwa huko anapoteza zaidi ya mzigo.

Anza na huduma chache

Wanaoanza hutaka kuandika ubaoni kila kitu: uso, masaji, waksi, kope, kucha. Ukiwa peke yako, chagua mbili au tatu. Ningeanza na miguu. Watu wanaosimama sokoni kutwa nzima wana magaga, vifaa vyake ni rahisi, na matokeo yanaonekana siku ile ile. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, sugua taratibu bila kutumia wembe, kausha vizuri hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta mazito. Krimu yenye urea ya asilimia 10 hulainisha kisigino kigumu. Siagi ya shea, ile ambayo Waacholi na Walango huiita moo yaa, hufunga unyevu ndani. Muulize kila mteja kama ana kisukari. Kama anacho, usikate wala kusugua kwa nguvu: kidonda kidogo cha mguu kinaweza kumfikisha kwenye kukatwa. Mpeleke kliniki.

Huduma ya pili iwe uso: kuosha, mvuke mwepesi, kinyago cha udongo au asali, kisha losheni. Usiminye chunusi. Kwenye ngozi nyeusi chunusi iliyominywa huacha doa linalokaa miezi, na mteja atakumbuka mkono uliomwachia. Bidhaa mpya ijaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri saa 24 hadi 48. Mshauri mteja ajikinge na jua, maana jua hurudisha madoa yote mliyofanyia kazi. Kwa mteja mwenye ualbino, kofia na krimu ya kukinga jua huokoa maisha.

Usafi

Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata kwenye damu usiyoiona. Wembe ni wa mtu mmoja, mara moja, kisha uingie kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Vifaa vingine vioshe kwa sabuni kwanza, halafu loweka dakika 10 katika Jik. Kama chupa yako ni ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya Jik na sehemu 6 za maji, mchanganyiko mpya kila siku. Suuza vya chuma mara moja, la sivyo vitashika kutu. Taulo moja kwa mteja mmoja. Nunua taulo ndogo nyingi kabla hujanunua kioo kikubwa.

Krimu za kukataa

Utaombwa. Mteja atakuja na picha kwenye simu na kusema anataka rangi ile, na muuzaji atakupa kopo lisilo na jina akisema linafanya kazi kwa wiki moja. Kinachofanya kazi kwa wiki moja mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali.

Zebaki huharibu figo na neva. Huhama kutoka ngozi ya mama kwenda kwa mtoto anayembeba, na kwenye shuka wanazolalia. Kwenye lebo hujificha kwa majina kama calomel, mercurous chloride, mercuric iodide au ammoniated mercury. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kibuluu usiofutika, hasa mashavuni. Steroidi kama clobetasol na betamethasone ni dawa halali mkononi mwa daktari, lakini zikipakwa kila siku ngozi hukonda, mishipa huonekana, na mtu akiacha ghafla uso huwaka. Mteja aliyezitumia miezi mingi usimwambie aache leo. Mpeleke hospitali apangiwe namna ya kupunguza. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia upande wa Kenya, na Hospitali Kuu za Masafu na Tororo upande wa Uganda.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, na shirika la viwango la Uganda, UNBS, nalo haliviruhusu. Ukikutwa navyo, mkaguzi hatauliza nani alikuuzia. Kenya unaweza kuhakiki alama ya ubora kwa kutuma SM# na namba iliyo chini ya alama kwenda 20023. Mkorogo wa kuchanganya mwenyewe hauna namba ya kuhakiki. Usiuguse, hata kwa dada yako.

Hesabu

Chukua mfano huu, ubadilishe kwa bei zako. Huduma ya uso unatoza shilingi 300 za Kenya. Pamba, glavu, kinyago na makaa ya kuchemshia maji ni 90. Inabaki 210. Chumba ni 3,000 kwa mwezi, maji na umeme 600, na 400 unaweka kando kwa ajili ya leseni ya mwaka ujao: jumla 4,000. Ina maana wateja 20 wa kwanza wa mwezi wanalipia chumba tu. Ndiyo maana wengi huanza kwa kwenda nyumbani kwa mteja na begi, na kukodi chumba baadaye. Muulize afisa wa leseni kama kazi ya kuzunguka nayo inatozwa.

Ukipokea pesa za nchi zote mbili, andika bei mbili ubaoni na uzirekebishe kila Jumatatu. Shilingi moja ya Kenya ni takriban 28 za Uganda, lakini hupanda na kushuka, na hasara ndogo ya kila mteja haionekani mpaka mwisho wa mwezi. Kuhusu kodi, Uganda haitozi kodi ya mapato kwa biashara ndogo yenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 10 kwa mwaka.

Kukua

Daftari lina thamani kuliko bango. Andika jina la mteja, ngozi yake, ulichompaka, na tarehe ya kurudi. Mpigie siku hiyo. Picha za kabla na baada zipige kwa ruhusa yake tu. Kuna wakimbizi ambao picha yao mtandaoni ni hatari kwao.

Mtaji wa serikali mara nyingi ni wa raia: Hustler Fund ya Kenya inadai kitambulisho cha taifa, na mpango wa PDM wa Uganda ni wa Waganda. Njia ya mkimbizi mara nyingi ni chama cha akiba, na vyama vyenye wenyeji na wakimbizi pamoja husaidia pia mwenye nyumba akitaka mdhamini. Mkopo wa kwanza uwe wa kitu kinachoongeza wateja kwa siku, kama kiti cha pili au mashine ya mvuke.

Cheti nacho husaidia. Kenya, NITA hupima ujuzi kwa mtihani wa ufundi hata kama ulijifunzia kazini. Na ukitaka kufunga moo yaa kwenye makopo yenye jina lako na kuyauza, kwanza nenda KEBS au UNBS uulize masharti ya lebo na upimaji.