Miaka ya Bakuli: Mashabiki wa Yanga na Hesabu ya Kikosi, 2017–2022

Makao makuu ya klabu ya Young Africans yapo Jangwani, Dar es Salaam, jirani na bonde la Mto Msimbazi ambalo hufurika masika yakizidi. Kwenye vijiwe vya kahawa vya eneo hilo na vya Kariakoo, mashabiki wa Yanga wamerithishana mazungumzo ya aina moja tangu enzi za babu zao: kukipima kikosi. Namba ngapi zina watu, namba ngapi zina majina tu. Nani aongezewe mkataba, nani aachwe, beki gani ameanza kuzeeka, kipa gani hawezi krosi. Dirisha la usajili likifunguliwa, mazungumzo hayo huanza asubuhi na kumalizika usiku.

Maoni ya shabiki wa Yanga yana uzito kuliko ya mtazamaji wa kawaida, na sababu iko katika muundo wa klabu. Yanga ilizaliwa ikiwa chama cha wanachama. Mwenye kadi hulipa ada, huhudhuria mkutano mkuu, huchagua viongozi na anaweza kuwang'oa. Anayelalamikia namba tisa kijiweni Jumatatu ndiye yuleyule anayenyoosha mkono mkutanoni mwaka ukiisha. Tangu mwanzo, kutokubaliana juu ya timu kumebadili sura ya klabu yenyewe. Yanga iliundwa 1935, na mwaka uliofuata tu kundi moja lilijitenga likaanzisha timu iliyokuja kuitwa Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilichukua jina la Simba. Upinzani mkubwa kuliko wote katika soka la Tanzania ulianza kama ugomvi wa ndani ya nyumba moja.

Mpasuko wa pili uliumiza zaidi, na wazee wa Jangwani huutaja kila timu inapodhoofika. Januari 1975 Yanga iliifunga Simba 2–0 mjini Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, kwa mabao ya Sunday Manara na Gibson Sembuli. Ilikuwa timu iliyoshiba. Haikudumu. Mgogoro uliozuka baadaye, ambao kocha kutoka Zaire, Tambwe Leya, alikuwa katikati yake, uliigawa klabu, na mwaka 1976 waliotoka wakaunda Pan African. Waliondoka na mhimili wa timu. Wachezaji kama Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na Mohamed Rishard, aliyejulikana kwa jina la Adolf, ndio waliong'ara katika jezi ya klabu hiyo mpya.

Yanga ilibaki na vijana. Julai 19, 1977 vijana hao walikutana na Simba wakafungwa 6–0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja walijifunga wenyewe. Hakuna matokeo mengine kati ya timu hizo yaliyokumbukwa kwa uchungu namna hiyo, na kwa miaka mingi shabiki wa Simba hakuhitaji hoja nyingine katika ubishi. Simba ilitwaa ubingwa wa nchi mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980. Yanga iliurudisha Jangwani 1981, na mwaka uliofuata ukaenda kwa hao hao Pan African. Miaka mitano ilipita kati ya kupasuka na kupona, na kipindi hicho kiliwapa mashabiki kipimo ambacho wangekitumia tena miaka 40 baadaye.

Katika muongo wa 2010 Yanga ilikuwa na nguvu ya fedha. Mfanyabiashara Yusuf Manji alichaguliwa kuwa mwenyekiti 2012, na chini yake klabu ilitwaa ubingwa wa 2012/13, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 2014/15 hadi 2016/17. Walikuwepo wachezaji wa kigeni wa bei: Mzimbabwe Donald Ngoma, mwenzake wa nchi hiyo Thabani Kamusoko, Mrundi Amissi Tambwe, Mzambia Obrey Chirwa na Mnyarwanda Haruna Niyonzima. Upande wa pili Simba ilikuwa haijaonja ubingwa tangu 2012. Hata hivyo, ubingwa wa tatu wa mfululizo huo ulipatikana kwa tofauti ya mabao, Yanga na Simba zikiwa zimelingana kwa pointi 68. Wenye macho waliona pengo limeshazibwa.

Mei 2017 Manji alijiuzulu uenyekiti, na ikadhihirika kwamba klabu ilikuwa imejengwa juu ya mfuko wa mtu mmoja. Wachezaji walianza kuondoka mmoja mmoja. Simon Msuva, winga aliyekuwa na mabao kuliko washambuliaji wengi, alikwenda Morocco kuchezea Difaâ El Jadida. Niyonzima alivuka kwenda Msimbazi, mtaa wa Simba, na hilo liliuma kwa namna yake. Ngoma alitumia sehemu kubwa ya msimu akiuguza majeraha, kisha akahamia Azam. Kocha George Lwandamina alirudi kwao Zambia Aprili 2018. Simba, ambayo wanachama wake Desemba 2017 walikubali mfumo wa uwekezaji na kumpokea Mohammed Dewji, ilitwaa ubingwa wa 2017/18. Yanga ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam.

Udhaifu wa kikosi hicho ulianikwa zaidi katika Kombe la Shirikisho Afrika mwaka huo. Yanga iliingia hatua ya makundi pamoja na USM Alger ya Algeria, Gor Mahia ya Kenya na Rayon Sports ya Rwanda. Ilifungwa 4–0 mjini Algiers, ikafungwa tena 4–0 Nairobi, ikaburuza mkia kwa pointi nne. Ushindi wake pekee ulikuwa wa nyumbani dhidi ya USM Alger, timu ikiwa tayari haina cha kuokoa.

Kutoka hapo ndipo ulipoanza msimu ambao mashabiki wengi wa Yanga huutaja kwa upendo kuliko baadhi ya misimu ya ubingwa. Kocha mpya, Mwinyi Zahera, alikuwa Mkongomani, na alizungumza na mashabiki moja kwa moja kwa Kiswahili cha kwao Kongo. Hakuwaficha hali ilivyokuwa: fedha hazikuwepo, mishahara ilichelewa, usajili ulikuwa wa kuokoteza. Alihimiza matawi yachange. Michango ikaanza kuingia kwa simu, shilingi elfu moja hapa, elfu tano pale, na viongozi wakawa wanazunguka kuomba. Mashabiki wa Simba waliita hali hiyo kutembeza bakuli, na neno bakuli likawa fimbo ya kuwachapia Wananchi, kama Yanga wanavyojiita, kila mtaa. Mashabiki wa Yanga walilikubali neno hilo. Waliochanga walianza kuitazama timu kama shamba lao wenyewe, na hesabu yao ya kikosi ikawa kali na ya kweli zaidi kuliko enzi za neema.

Hesabu hiyo ilikuwa hivi. Langoni palikuwa na Beno Kakolanya, na Septemba 30, 2018 ndiye aliyeizuia Simba karibu peke yake katika sare ya 0–0. Wiki chache baadaye aliondoka kambini kwa mgogoro wa malipo, na tangu hapo lango likawa donda. Klaus Kindoki, Mkongomani, na kijana Ramadhani Kabwili walipokezana nafasi huku mashabiki wakishika roho kila krosi ilipopigwa. Ulinzi ulimtegemea Kelvin Yondani, mzoefu ambaye miguu yake ilikuwa imeshabeba misimu mingi. Kiungo alikuwepo Feisal Salum, aliyetoka JKU ya Zanzibar, kijana ambaye ndani ya miezi michache aliwafanya wazee wakubaliane, jambo ambalo ni nadra Jangwani. Mbele yake alisimama Ibrahim Ajibu, aliyetoka Simba mwaka mmoja kabla, mchezaji wa pasi za ajabu na wa mabishano yasiyoisha: siku akiamua, mechi inaisha; asipoamua, timu inacheza pungufu. Namba tisa alikuwa Heritier Makambo, aliyetoka Kongo bila jina kubwa na kumaliza msimu na mabao 17.

Benchi ndilo lililokosa watu, na hapo ndipo kila mazungumzo yalipoishia. Kikosi cha kwanza kiliweza kupambana na yeyote, lakini akiumia mmoja pengo halikuzibika. Septemba 2018 Yanga iliifunga Stand United 4–3 katika mechi ambayo Alex Kitenge wa Stand alifunga mabao yote matatu ya timu yake. Furaha ya pointi ilichanganyika na hofu: timu inayofungwa matatu na Stand nyumbani itafika wapi? Ilifika mbali kuliko ilivyotarajiwa. Iliongoza ligi kwa muda mrefu, wakati Simba ikiwa na viporo kwa sababu ya safari zake za Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako ilifika robo fainali. Februari 2019 Simba ilishinda 1–0 kwa bao la Meddie Kagere, na kadiri viporo vilivyochezwa ndivyo uongozi ulivyoyeyuka. Ligi ya timu 20 iliisha Simba ikiwa na pointi 93, Yanga 86. Kwa kikosi kilicholipwa kwa michango, pointi 86 zilikuwa kazi kubwa mno, na waliosema hivyo wakati ule walikuwa sahihi.

Kilichofuata kilionyesha kwamba fedha bila mpango haziponyi timu. Uongozi mpya ulichaguliwa Mei 2019, harambee ya Kubwa Kuliko ikafanyika mwezi uliofuata, na kampuni ya GSM ikaanza kuingia kama mdhamini. Makambo aliuzwa Horoya ya Guinea, Ajibu akarudi Simba, na wakasajiliwa wageni wengi kwa mpigo. Mashabiki walihesabu majina wakafurahi, kisha wakahesabu mabao wakanyamaza. Yanga ilitolewa na ZESCO ya Zambia katika Ligi ya Mabingwa, ikaangukia mikononi mwa Pyramids ya Misri katika Kombe la Shirikisho, ikafungwa nyumbani na ugenini. Zahera alifutwa kazi Novemba 2019. Jina jipya la kejeli, Utopolo, likatoka upande wa Msimbazi na kukaa.

Mwaka 2020 ulikuwa na siku moja ya nuru. Machi 8 Bernard Morrison, Mghana aliyesajiliwa dirisha dogo, alipiga mpira wa adhabu uliotinga wavuni, na Yanga ikashinda 1–0 dhidi ya Simba. Julai 12 timu hizo zilikutana tena katika nusu fainali ya Kombe la FA, Simba ikashinda 4–1. Mwezi huohuo kocha Luc Eymael, Mbelgiji, alifukuzwa baada ya kuwatolea mashabiki maneno ya kibaguzi. Watu waliokuwa wamechanga kuilisha timu walitukanwa na mtu aliyelipwa kuifundisha, na hasira iliyowaka ilikuwa ya haki. Morrison naye akaenda Simba katikati ya ubishi wa mkataba uliofika mbali.

Usajili wa 2020 ulikuwa na shangwe zake, hasa mapokezi ya Mwangola Carlinhos uwanja wa ndege, lakini makocha hawakukaa: Zlatko Krmpotić alidumu majuma machache, Cedric Kaze akafukuzwa Machi 2021 timu ikiwa imeongoza ligi nusu ya kwanza. Mtunisia Nasreddine Nabi alipofika Aprili, vijiweni hawakumpa nafasi kubwa. Yanga ilimaliza ya pili. Hata hivyo, Julai 3, 2021 Zawadi Mauya alifunga bao pekee dhidi ya Simba, na wazee wa hesabu wakaanza kuona timu yenye umbo.

Majira yaleyale mambo mawili yalifanyika pamoja. Wanachama walipitisha mabadiliko ya katiba yaliyofungua mlango kwa wawekezaji hadi asilimia 49, wenyewe wakibaki na 51. Na usajili ukafanywa kwa namba, kila pengo lililolalamikiwa tangu 2018 likipata mtu wake. Langoni akaja Djigui Diarra kutoka Mali. Beki ya kulia akaja Djuma Shaban, ulinzi na kiungo cha chini Yannick Bangala, kiungo mkabaji Mganda Khalid Aucho, na namba tisa Fiston Mayele kutoka AS Vita ya Kinshasa. Feisal alikuwepo bado. Msimu wa 2021/22 Yanga ilicheza mechi 30 za ligi bila kufungwa hata moja na kutwaa ubingwa wake wa 28. Mayele alifunga mabao 16, bao moja nyuma ya George Mpole wa Geita Gold. Julai 2022 Hersi Said alichaguliwa kuwa rais wa klabu. Mfululizo wa kutofungwa ulifika mechi 49 kabla ya Ihefu kuuvunja Mbarali, Novemba 29, 2022, kwa mabao 2–1.

Msimu huo wa 2022/23 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na aliyeisubiri huko alikuwa USM Alger. Katika mechi ya kwanza, Mei 28, 2023, Yanga ilifungwa 2–1 Dar es Salaam. Juni 3 ilishinda 1–0 Algiers, kwa penalti ya Djuma Shaban, katika jiji lilelile ilikofungwa manne miaka mitano kabla. Kombe lilibaki Algeria kwa kanuni ya mabao ya ugenini.