Safu ya Milima Iliyolala Chini ya Migori

Anayetoka Homa Bay kwenda Migori huacha nyuma yake milima mingi. Got Asego imesimama juu ya mji wenyewe. Pembezoni mwa ziwa kuna Homa, yenye kilele cha mita 1,751, kisha Ruri, Gembe na Gwasi. Yote hiyo ni kazi ya volkeno, na kwa umri wa dunia bado ni michanga: Gwasi ni mabaki ya volkeno kubwa ya Kisingiri, iliyowaka yapata miaka milioni 20 iliyopita. Genge la Kaniamwia nalo lilitokana na ardhi kuvutwa huku na huku hadi ikapasuka, upande wa kaskazini ukashuka. Milima iliyozaliwa kwa kubanwa ndiyo usiyoiona. Iko Migori, chini ya mashamba ya tumbaku na miwa, nayo imeliwa na mvua hadi yakabaki mashina.

Historia yake inaanzia baharini, takriban miaka bilioni 2.7 iliyopita. Palikuwa na vituo viwili vya volkeno, kimoja upande wa Macalder, kingine upande wa Lolgorien, na kati yao bonde la maji lililojaa majivu, mchanga na tope. Kila tope lilipoporomoka kutoka mteremkoni, punje nzito zilitangulia kutua, laini zikafuata. Tabaka likakaa juu ya tabaka, likashindiliwa, likawa jiwe.

Kisha eneo zima likabanwa. Jiwe lililo kilomita kadhaa chini, penye joto kali, halivunjiki ovyo. Likisukumwa taratibu kwa mamilioni ya miaka, hujikunja. Ndivyo matabaka ya Migori yalivyokunjwa, na mikunjo ikaendelea kukazwa hadi pande zake mbili zikasimama karibu wima. Palipokuwa na jiwe lisilokubali kujikunja, lilikatika, vipande vikasuguana na kuteleza. Granaiti iliyoyeyuka ikapanda kutoka chini na kujipenyeza kando kando. Wapo wanajiolojia wanaosema msukumo ulitoka ubavuni, kama unaoinua Himalaya leo. Wengine wanasema lava nzito ilizama yenyewe kati ya granaiti zilizokuwa zikipanda. Mimi naona mpangilio wa ukanda huu, wenye urefu wa kilomita 80 na upana wa 20 tu, unawapa nguvu wale wa kwanza, ingawa mjadala haujafungwa.

Mikunjo hii inasomwaje wakati kilele hakipo? Kwa jiwe dogo la mkononi. Angalia tabaka moja lililosimama wima: upande mmoja una punje za kukwaruza, upande wa pili ni laini kama unga. Penye punje kubwa ndipo palipokuwa chini siku tope lilipotua. Sasa tembea ukivuka matabaka, ukipima moja moja. Ghafla mpangilio unageuka, punje kubwa ziko upande ule mwingine. Hapo umevuka kiini cha mkunjo, japo juu ya ardhi hakuna hata kichuguu cha kukuambia. Robert Shackleton, Mwingereza aliyeandika ripoti ya serikali ya mwaka 1946 kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori, baadaye alipata jina kwa kusoma namna hiyo mikunjo iliyopinduka ya Scotland.

Safu ile haikubomoka kwa siku moja. Mvua ilipoondoa mawe ya juu, mizizi ya mlima ilipanda, mfano wa mtumbwi unaoinuka ukipakuliwa samaki ufuoni, na mvua ikapata cha kuondoa tena. Mwishowe pakawa tambarare. Mawe ya nyanda za juu za Kisii, yakiwemo yale laini yanayochongwa Tabaka, yalikuja kulala karibu bapa juu ya mashina hayo yaliyokwisha kukatwa.

Mbano mwingine ulikuja kutoka mashariki, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yalipogongana. Huko mapande makubwa ya miamba yalisukumwa kuelekea magharibi yakapanda ukingo wa bara kongwe lenye Migori ndani yake, ya chini yakawekwa juu ya yaliyokuwa juu. Mwaka 1951 mwanajiolojia Arthur Holmes aliuita ukanda huo wa mashariki Ukanda wa Msumbiji. Mashina yake ni mawe ya Machakos, Kitui na Taita. Migori haikukunjwa upya. Ilikuwa imekwisha kuwa ngumu mno.

Kilichobaki Migori ni dhahabu. Maji ya moto yalipita katika nyufa zilizoachwa na mbano ule wa kwanza, yakaacha kwatsi nyeupe na chembe za dhahabu. Wazungu waliikimbilia miaka ya 1930. Mgodi wa Macalder, uliotoa shaba pia, ulijengewa umeme wa maporomoko ya Gogo kwenye mto Kuja miaka ya 1950, ukafungwa muongo uliofuata. Leo wachimbaji wadogo hushuka kwa kamba wakifuata mshipa mweupe, na mshipa huo hushuka karibu wima kwa sababu matabaka yenyewe yamesimama.

Vitabu vya jiografia huwafundisha watoto wetu mikunjo kwa michoro ya Alps na Himalaya. Walimu wa Migori na Homa Bay, wapelekeni wanafunzi kando ya Kuja na mahali barabara ilipokata kilima, wapime punje kwa vidole vyao.