Tan Twan Eng na Riwaya za Watu wa Kuja

Mwaka 2007 Myrmidon, kampuni ndogo ya vitabu ya Newcastle, Uingereza, ilichapa riwaya ya kwanza ya mwanasheria wa Malaysia. The Gift of Rain ikaingia orodha ndefu ya Tuzo ya Booker.

Tan Twan Eng alizaliwa Penang mwaka 1972, akafanya uwakili Kuala Lumpur, kisha akaenda kusoma Cape Town. Kisiwa chake ni cha bandari, chenye Wamalay, Wachina na Wahindi. Wajapani walipokishambulia Desemba 1941, Waingereza waliwatorosha Wazungu usiku, wenyeji wakaachwa. Riwaya hiyo inamweka katikati Philip Hutton, baba Mwingereza, mama Mchina, anayefundishwa aikido na Mjapani aitwaye Endo. Mwalimu huyo ndiye adui.

Wazo hilo lilikomaa katika The Garden of Evening Mists ya 2012. Teoh Yun Ling, binti wa Kichina, ametoka kambi ya Wajapani bila vidole viwili na bila dada yake, aliyefia humo. Mwaka 1951, waasi wa kikomunisti wakiwa bado msituni, anapanda milima ya Cameron kumwomba Aritomo, aliyewahi kuwa mtunza bustani wa mfalme wa Japani, atengeneze bustani ya kumkumbuka marehemu. Aritomo anakataa, ila anamchukua awe mwanagenzi. Basi binti huyo anasomba mawe kwa amri ya mtu wa taifa lililomuua dada yake. Jirani yao ni Magnus Pretorius, Kaburu mkulima wa chai, na shamba lake ameliita Majuba, mahali Makaburu walipowashinda Waingereza mwaka 1881. Wasomaji wengi humpita haraka Magnus. Mimi naona bila yeye Aritomo angebaki mgeni peke yake mlimani, na kitabu kingekuwa kisa cha Mjapani na Mchina tu.

Riwaya hiyo ilifika orodha fupi ya Booker, ikashinda Man Asian Literary Prize na, mwaka 2013, Tuzo ya Walter Scott.

Wasomaji wakangoja miaka 11. The House of Doors ya 2023 inamleta Penang mwandishi Somerset Maugham, mwaka 1921, pamoja na kesi ya kweli ya Ethel Proudlock, aliyempiga mwanamume risasi Kuala Lumpur mwaka 1911. Maugham anakula nafasi kubwa mno kwa ladha yangu. Anayenivuta ni mwenyeji wake, Lesley Hamlyn, Mwingereza aliyezaliwa Penang, ambaye mwaka 1947 tunamkuta akiishi Karoo, Afrika Kusini.